Mtoto wa Kiebrania wa kale alikuwa mkono wa kazi, na bado alipendwa

#1. Mleta mada

Wanajukwaa, habari zenu.

Katika mijadala yetu ya historia ya Biblia kuna hoja inayojirudia mara kwa mara, kwamba wazazi wa kale, Waebrania wakiwemo, hawakuwa na mapenzi makubwa kwa watoto wao, kwa kuwa wengi walikufa wangali wachanga na waliosalia walihesabiwa kuwa mikono ya kazi tu. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli na sitaipunguza: watoto walikufa, na watoto walifanya kazi. Ninachokipinga ni hitimisho lake, kwa sababu ukiyasoma maandiko ya watu hao sambamba na vitu vilivyofukuliwa katika nyumba zao, unawakuta wazazi waliomtegemea mtoto kwa kazi na kumpenda kwa moyo wote, bila kuona kwamba jambo moja linalipinga jingine.

Nawazungumzia hasa wanakijiji wa nchi ya vilima ya Israeli na Yuda, kuanzia takriban mwaka 1200 KK hadi Wababeli walipoiteketeza Yerusalemu mwaka 586 KK. Ikulu ya Sulemani na makuhani wa hekalu naviacha kando, maana Waebrania walio wengi waliishi na kufa bila kulala hata usiku mmoja katika jumba la mfalme.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shamba, karakana, shule na mahali pa ibada ya kila siku. Wanaakiolojia wameikuta nyumba ya mtindo mmoja katika sehemu nyingi za nchi, huko Tell en-Nasbeh kaskazini mwa Yerusalemu, Beer-sheba upande wa kusini, na hata Hazori juu katika Galilaya, nao huiita nyumba ya vyumba vinne. Vyumba vitatu vilikwenda sambamba kuelekea ndani, na cha nne kilikatiza nyuma yao kwa upana wote wa jengo. Msingi ulikuwa wa mawe, kuta za matofali mabichi, na safu za nguzo zilitenganisha sehemu ya kati na zile za pembeni. Sakafu za pembeni mara nyingi ziliwekwa mawe bapa, na baadhi ya nyumba zina hori za kulishia mifugo katikati ya nguzo, kwa hiyo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba wanyama walilala chini na watu wakalala ghorofani. Usiku wa baridi ya milimani, mbuzi na ng'ombe walileta joto ndani ya nyumba, pamoja na harufu na nzi ambao hakuna kumbukumbu inayowataja.

Paa lilikuwa bapa, la boriti, matawi na udongo, nalo lilipaswa kushindiliwa upya wakati wa mvua kwa jiwe la mviringo ambalo mafundi wa uchimbaji wamelipata katika maeneo kadhaa. Juu ya paa watu walianika kitani, walipumzika jioni, na majira ya joto walilala huko. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije akaleta hatia ya damu mtu akianguka. Wafafanuzi huifikiria sheria hiyo kwa habari ya wageni na majirani, lakini mimi nikiisoma namwona kwanza mtoto wa miaka miwili anayekimbia juu ya paa jioni wakati mama yake amegeuka upande mwingine.

Ndani ya nyumba hiyo, au katika nyumba mbili tatu zilizozunguka ua mmoja, waliishi watu ambao Kiebrania kiliwaita nyumba ya baba: babu na bibi, wana wao waliooa pamoja na wake zao, wajukuu, mabinti ambao hawajaolewa, shangazi aliyefiwa na mume, mtumishi, na pengine mgeni aliyepewa hifadhi. Simulizi la Mika katika Waamuzi 17 na 18 linaonyesha kaya ya namna hiyo, lenye mama mjane mwenye fedha yake, mtoto wake mkubwa, wana wa huyo mtoto, kijana Mlawi aliyeajiriwa, na majirani wanaotoka katika nyumba zilizo karibu kuwafuatia waporaji. Mtoto katika mazingira hayo hakuwa wa watu wawili tu. Alionywa na baba mkubwa, alibebwa na binamu, na alipofiwa na mzazi kulikuwa na watu waliokuwa tayari wamezoea kumlisha.

Kuhusu kuzaliwa, maelezo bora zaidi yanatoka mahali pasipotarajiwa. Ezekieli sura ya 16 inaeleza mtoto aliyetupwa, na kwa kutaja yote ambayo hakufanyiwa, nabii ametuachia orodha ya yote ambayo mtoto mchanga alifanyiwa: kitovu kilikatwa, akaoshwa kwa maji, akasuguliwa kwa chumvi, akafungwa nguo za kitoto. Mkunga alikuwapo, na kitabu cha Kutoka kinamtaja mama akijifungua akiwa juu ya kiti cha kuzalia. Mtoto wa kiume alitahiriwa siku ya 8. Jina mara nyingi lilitolewa na mama, kama walivyofanya Lea, Raheli na Hana, na katika Ruthu sura ya 4 ni wanawake majirani waliompa Obedi jina lake, huku bibi yake Naomi akimpakata na kuwa mlezi wake. Kunyonyesha kulidumu muda mrefu. Mama mmoja katika kitabu cha pili cha Makabayo, kilichoandikwa karne nyingi baadaye, anataja miaka 3, na Mwanzo 21 inasimulia kwamba Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Nadhani sababu ya karamu hiyo iko wazi kwa kila aliyelea mtoto bila dawa wala maji safi. Aliyefika hapo alikuwa amevuka mto ambao wenzake wengi hawakuuvuka.

Sasa niwape watetezi wa ile hoja ushahidi wao wenye nguvu kuliko wote, ili nisionekane naukwepa. Mambo ya Walawi sura ya 27 inaweka kiwango cha fedha kwa mtu aliyewekwa nadhiri. Mwanamume wa miaka 20 hadi 60 ni shekeli 50 na mwanamke ni 30. Wa miaka 5 hadi 20 ni shekeli 20 kwa wa kiume na 10 kwa wa kike. Wa mwezi mmoja hadi miaka 5 ni shekeli 5 kwa wa kiume na 3 kwa wa kike. Mzee aliyepita miaka 60 ni 15 na 10. Jedwali hili linapima nguvu ya kazi, na linaanzia mwezi mmoja. Mtoto aliye chini ya mwezi hana kiwango kabisa, kama ambavyo katika Hesabu sura ya 3 wana wa Lawi walihesabiwa kuanzia umri wa mwezi mmoja. Sheria ilisubiri kuona kama ataishi.

Kazi nayo ilianza mapema. Yeremia 7, katika kuwakemea watu wa Yuda kwa ajili ya mikate waliyomtengenezea malkia wa mbinguni, anaeleza kwamba watoto huokota kuni, akina baba huwasha moto, na wanawake hukanda unga. Nabii anashutumu ibada yenyewe, lakini bila kukusudia ametuchorea asubuhi ya kaya ya Kiyahudi ya karne ya 7 KK, kila mmoja na wajibu wake. Kutoka kuni mtoto alihamia kwenye kuchunga, na Daudi, aliyekuwa mdogo kuliko ndugu zake wote, ndiye aliyekuwa malishoni Samweli alipofika Bethlehemu. Wakati wa mavuno hakuna aliyebaki nyumbani, na Mithali 10 inasema kwamba mwana alalaye wakati wa mavuno ni mwenye kuaibisha.

Soma basi 2 Wafalme sura ya 4, habari za mtoto wa Shunemu. Mtoto amekua, anatoka asubuhi kumfuata baba yake kwa wavunaji. Anashikwa na maumivu ya kichwa, pengine kwa jua la majira yale, analia kuhusu kichwa chake, na baba anamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mwandishi hapotezi neno. Mtoto anakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, kisha anakufa. Mama anamlaza juu ya kitanda cha nabii Elisha katika chumba kidogo cha juu, anafunga mlango, anaomba mtumishi mmoja na punda, na anaondoka kwenda Mlima Karmeli bila hata kumwambia mume wake kilichotokea. Baba alimhitaji mtoto shambani, kama atakavyomhitaji kila mkulima, na mama huyo huyo wa mtoto wa kazi alipofika kwa Elisha alimshika miguu asikubali kumwachia. Atakayeniambia kwamba watu waliotunga na kuhifadhi simulizi hili walimwona mtoto kama jembe la ziada, nitamwomba alisome tena polepole.

Yupo pia Hana, ambaye baada ya kumwacha mwanawe Samweli katika hekalu la Shilo alimfumia kanzu ndogo na kumpelekea mwaka baada ya mwaka. Kanzu hiyo ya 1 Samweli 2 haina umuhimu wowote wa kidini wala wa kisiasa. Iliingia katika maandiko kwa sababu mtu fulani alijua kwamba mama asiyemwona mwanawe hufikiria kimo chake, na kila mwaka alilazimika kukisia ameongezeka kiasi gani.

Karibuni kwa michango na maswali.

#2. Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi wenye kina. Umeeleza zaidi habari za watoto wa kiume, yaani Daudi, Samweli na yule wa Shunemu. Mabinti walikuwa wapi? Katika lile jedwali la Walawi wanapewa thamani ndogo katika kila umri, jambo ambalo linanipa shaka kama pendo unalolisema liliwafikia.

#3. Mleta mada

Swali lako ni la haki, mkuu, na jibu lake lina pande mbili.

Maisha ya binti yalizungukwa na jiwe la kusagia. Jiwe hilo la chini lilikuwa refu, limebonyea katikati, na msagaji alipiga magoti mbele yake akisukuma jiwe dogo mbele na nyuma kwa mikono miwili. Shayiri na ngano ndizo zilizoijaza kaya tumbo, kwa hiyo kusaga kulichukua saa nyingi kila siku, na mifupa ya wanawake iliyopatikana katika makaburi ya nchi za Mashariki ya Kati ya kale inaonyesha magoti na migongo iliyochakaa kwa kazi hiyo. Sauti ya mawe hayo ilikuwa alama ya kijiji kilicho hai, kiasi kwamba Yeremia 25, anapotangaza maangamizi, anaitaja kukoma kwake pamoja na kuzimika kwa mwanga wa taa. Binti alijifunza kusaga, kukanda, kuoka katika tanuri la udongo, kusokota uzi na kufuma, na vile vitonge vya udongo vyenye tundu vilivyoning'inizwa chini ya nyuzi za kitanda cha mfumi vimepatikana kwa wingi majumbani. Kuchota maji kulikuwa kwake vilevile. Sauli alipokuwa akitafuta punda wa baba yake, watu wa kwanza kumwelekeza alikokuwa mwonaji walikuwa wasichana waliotoka kuteka maji. Baadhi yao walichunga pia, kama Raheli.

Ningependa kila mchangiaji aziangalie picha za Lakishi. Mfalme Senakeribu wa Ashuru aliuteka mji huo wa Yuda mwaka 701 KK, na akachonga habari ya ushindi wake katika kuta za ikulu yake huko Ninawi. Mawe hayo yalifukuliwa katika karne ya 19 na Austen Henry Layard, na leo yako London, katika Makumbusho ya Uingereza. Katikati ya vita na mateso kuna familia zinazotolewa mjini kwenda uhamishoni. Wanawake wamevaa mavazi marefu na mtandio unaofunika kichwa na kushuka mgongoni, nao mabinti wadogo wamevaa vivyo hivyo, kipimo kidogo cha mama zao. Wengine wamepakiwa juu ya magari yanayokokotwa na ng'ombe, pamoja na mizigo. Mchongaji alikuwa mtumishi wa adui na hakuwa na sababu ya kuwapamba, lakini hakuwatenganisha watoto na mama zao. Hizo ndizo picha za watoto wa Yuda zilizo wazi kuliko nyingine tulizo nazo kutoka wakati ule, na inasikitisha kwamba tunazo kwa sababu walikuwa mateka.

Upande wa pili wa jibu ni urithi. Kwa kawaida binti hakurithi ardhi. Aliolewa, mahari ililipwa kwa baba yake, akaenda kuishi katika kaya ya mumewe, mara nyingi ndani ya ukoo uleule au kijiji cha jirani. Lakini Hesabu sura ya 27 inasimulia mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, waliosimama mbele ya Musa na wazee wote wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na wakapewa. Mtu anaweza kulisoma hilo kama hadithi tu. Hata hivyo mwaka 1910 wachimbaji wa Samaria walipata vigae vilivyoandikwa kwa wino katika karne ya 8 KK, kumbukumbu za divai na mafuta yaliyopelekwa mjini, na miongoni mwa majina ya sehemu yalikotoka mazao hayo yamo Noa na Hogla. Majina ya wawili kati ya wale mabinti yalikuwa majina ya ardhi halisi yenye mashamba ya mizabibu, yakitumiwa na makarani wa kodi. Kwa watu ambao binti kwao si kitu, hilo lisingetokea.

#4. Mchangiaji

Mleta mada, nauliza kuhusu elimu. Tunasikia mara nyingi kwamba Wayahudi wamekuwa watu wa kitabu tangu zamani. Je, mtoto wa kijijini wakati huo alikwenda shule?

#5. Mleta mada

Shule kama jengo lenye mwalimu na wanafunzi wengi haijulikani katika vijiji vya wakati huo, ila waandishi wa serikali bila shaka walifundishwa mahali fulani. Mtoto wa kawaida alifundishwa na wazazi wote wawili, na Mithali inapomtaka mwana asikie mafundisho ya baba yake, katika mstari huohuo inamwonya asiiache sheria ya mama yake.

Njia yao ya kufundisha inanivutia sana, kwa kuwa ilianzia kwenye swali la mtoto mwenyewe. Kutoka 13, Kumbukumbu la Torati 6 na Yoshua 4 zote zina mpangilio mmoja: mwana wako atakapokuuliza maana ya jambo hili, utamwambia hivi. Mawe 12 yaliyosimamishwa Gilgali yaliwekwa ili mtoto aulize. Mwana-kondoo wa Pasaka aliliwa kwa namna isiyo ya kawaida, na mtoto akauliza. Historia ya taifa iliwekwa mikononi mwa udadisi wa mtoto, na baba akapewa jukumu la kuwa tayari na jibu, aketipo nyumbani na atembeapo njiani, alalapo na aamkapo.

Kuhusu kusoma na kuandika, tunavyo vipande kadhaa. Mwaka 1908 huko Gezeri, R. A. S. Macalister alipata kibao kidogo cha chokaa cha karne ya 10 KK kilichoandikwa majira ya kilimo: miezi 2 ya kukusanya mavuno, miezi 2 ya kupanda, miezi 2 ya upanzi wa mwisho, mwezi wa kukata kitani, mwezi wa kuvuna shayiri, mwezi wa kuvuna na kupima, miezi 2 ya kuitunza mizabibu, na mwezi wa matunda ya kiangazi. Wengi wanakiona kama zoezi la mwanafunzi, na jina Abiya liko pembeni. Leo kipo Istanbul. Hata kama aliyekiandika alikuwa mtu mzima, jambo alilochagua kuandika ni mwaka ule ambao kila mtoto aliujua kwa mikono yake. Mwaka 1976 huko Izbet Sartah kikapatikana kigae chenye zaidi ya herufi 80, na mstari mmoja ni alfabeti kwa mpangilio, kazi ya mtu ambaye mkono wake bado haujazoea. Huko Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, mtungi mkubwa wa takriban mwaka 800 KK una alfabeti iliyorudiwa zaidi ya mara moja.

Kufikia mwisho wa ufalme wa Yuda ofisa mmoja aitwaye Hoshayahu, katika barua iliyopatikana Lakishi, anamwapia mkubwa wake kwamba hajawahi kumwita mtu amsomee barua. Ameudhika kwa kudhaniwa hajui kusoma. Naona hapo kwamba kusoma kulikuwa kumeanza kuwa jambo la heshima hata nje ya tabaka la makarani, ingawa wanakijiji wengi walibaki wakitegemea masikio na kumbukumbu.

#6. Mchangiaji

Naomba nichangie kidogo kuhusu michezo, maana haikutajwa. Katika nyumba na makaburi ya kipindi hicho vimepatikana vyombo vidogo vya udongo vilivyofungwa pande zote, vyenye kokoto au vitonge ndani, vinavyolia vikitikiswa kama manyanga. Wapo wanaosema vilikuwa vya ibada au muziki, na wapo wanaosema vilikuwa vya kuwatuliza watoto. Mimi sioni kwa nini visingefanya kazi zote mbili. Imepatikana pia mifupa midogo ya vifundo vya kondoo na mbuzi iliyosuguliwa, ambayo watu wa nchi nyingi za kale waliichezea, pamoja na sanamu ndogo za wanyama za udongo. Kisha kuna Zekaria 8, ambapo nabii, akitaka kueleza jinsi Yerusalemu itakavyokuwa baada ya kurudi kutoka uhamishoni, anasema wazee wataketi na mikongojo yao, na njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Angeweza kuahidi kuta na dhahabu. Aliwaahidi watoto wanaocheza.

#7. Mchangiaji

Nimesoma yote kwa makini, lakini naona mleta mada amechagua mambo yanayompendeza. Kumbukumbu la Torati 21 inaamuru mwana mkaidi apigwe mawe mpaka afe. Katika bonde la mwana wa Hinomu, karibu na Yerusalemu, watoto walipitishwa motoni, yaani walitolewa dhabihu. Na wazazi waliuza watoto wao kwa madeni. Haya nayo ni maandiko yaleyale. Tutayaitaje mapenzi?

#8. Mleta mada

Nashukuru, ndugu yangu. Bila mchango wako uzi huu ungekuwa na upungufu mkubwa, na nitayajibu moja baada ya jingine bila kuyafunika.

Sheria ya mwana mkaidi ni kali na siwezi kuilainisha. Naomba tu uangalie inavyofanya kazi. Baba peke yake hana mamlaka ya kuua. Ni lazima mama akubaliane naye, ni lazima wote wawili wampeleke kwa wazee langoni pa mji, na wazee ndio wenye uamuzi. Hasira ya usiku mmoja ndani ya nyumba imeondolewa uwezo wake, na jambo limepelekwa hadharani mbele ya watu wanaomjua kijana tangu utoto. Biblia haisimulii hata tukio moja ambapo adhabu hiyo ilitekelezwa.

Kuhusu bonde la mwana wa Hinomu, ilitendeka. Kitabu cha Wafalme kinawataja Ahazi na Manase, wafalme wa Yuda, kwamba walipitisha wana wao motoni. Mfalme Yosia aliinajisi Tofethi, mahali pa dhabihu hizo bondeni humo, katika matengenezo yake, na Yeremia akalia kwamba jambo hilo Mungu hakuliamuru wala halikuingia moyoni mwake. Lakini soma kitabu cha nabii Mika sura ya 6. Mtu anauliza amkaribie Mungu na nini, na anapandisha kiwango hatua kwa hatua: ndama wa mwaka mmoja, kondoo dume maelfu, mito ya mafuta makumi elfu, na mwishowe mzaliwa wake wa kwanza. Mtoto amewekwa juu ya yote hayo kwa sababu hakukuwa na kitu cha thamani zaidi ambacho mtu angeweza kukitaja. Unyama ule ulitegemea pendo ili uwe dhabihu. Ukimtoa mtu usiyemjali hujatoa chochote, na nadhani ndiyo maana manabii waliushambulia kwa ukali ule, wakijua ulivyowavuta watu waliokata tamaa wakati wa vita na njaa.

Deni ndilo jambo ninaloliona kuwa msiba halisi wa mtoto wa Kiebrania, kuliko hayo mawili. Mkulima wa milimani aliishi kwa mvua. Mwaka mmoja mvua ikichelewa alikula mbegu, mwaka wa pili alikopa, na mwaka wa tatu mkopeshaji alikuwa mlangoni. Vazi lake la nje, ambalo usiku lilikuwa blanketi la watoto pia, lilichukuliwa rehani, na Kutoka 22 inaamuru lirudishwe kabla jua halijachwa. Kwamba sheria hiyo iligusa maisha halisi tunajua kutokana na kigae kilichopatikana mwaka 1960 katika ngome ya pwani karibu na Yavne-Yam, cha mwishoni mwa karne ya 7 KK, ambamo mvunaji anamlalamikia mkuu wa ngome kwamba vazi lake limechukuliwa, naye anaomba arudishiwe. Baada ya vazi walifuata watoto. Mjane wa 2 Wafalme 4 anamwambia Elisha kwamba mwenye kumdai amekuja kuwatwaa watoto wake wawili wawe watumwa. Sheria iliweka kikomo cha miaka 6 kwa mtumwa Mwebrania na uhuru mwaka wa 7, lakini miaka 6 kwa mtoto wa miaka 8 ni utoto wote uliobaki. Ukiusoma muujiza uliofuata, wa mafuta kidogo ya mjane huyo yaliyoongezeka mpaka yakauzwa kulipa deni, angalia mikono ya watoto: wao ndio wanaomletea mama vyombo, yeye anamimina, mlango ukiwa umefungwa, na kila chombo kinachojaa ni sehemu ya bei ya uhuru wao.

Kwa hiyo uliuliza kama hilo linaweza kuitwa mapenzi. Waliouzwa waliuzwa na umaskini, na wazazi hawakukaa kimya. Katikati ya karne ya 5 KK, wakati Nehemia akijenga kuta za Yerusalemu, watu pamoja na wake zao walimjia kwa kilio kikubwa, kama inavyosimuliwa katika sura ya 5 ya kitabu chake. Walisema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa fedha kwa ajili ya kodi ya mfalme wa Uajemi, na sasa wanawatia utumwani wana wao na mabinti zao, na baadhi ya mabinti wameshatiwa utumwani wala hawana uwezo wa kuwakomboa. Hoja waliyoitoa mbele ya matajiri ilikuwa kwamba miili yao ni sawa na miili ya ndugu zao, na watoto wao ni sawa na watoto wa ndugu hao. Nehemia alikasirika, akawaita wakuu katika mkutano mkubwa, akawaapisha mbele ya makuhani warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba na sehemu ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza, nao wakafanya hivyo.